Nyeupe au Sukari? Rangi ya Chumba Riyadh na Jeddah



Muhula huu swali moja limetufikia mara mbili, kutoka miji miwili tofauti, na waliouliza hata hawajuani. La kwanza ni la kaka zetu wanne wa Riyadh waliopanga fleti nje ya chuo. Wametenga chumba kimoja cha kusomea, wamechangishana pesa ya rangi kutoka kwenye posho, mwenye nyumba kakubali, kilichobaki ni rangi yenyewe. Wawili wanataka nyeupe. Wawili wanataka ile ambayo wauza rangi wa Saudia huiita sukkari, yaani nyeupe iliyotiwa umanjano kidogo, ndugu yake krimu tunayoijua nyumbani. (Sukkari ni jina la tende za Qassim vilevile, kwa hiyo ukiulizia hakikisha umeingia duka sahihi.) Kura ni mbili kwa mbili, sasa wiki ya tatu, na kopo halijanunuliwa. Mitihani inakaribia, na mmoja wao analalamika kwamba kila akikaa pale mchana kichwa kinamuuma.

La pili ni la dada yetu wa Jeddah anayesoma huku analea. Chumba cha mtoto wake kina dirisha moja tu, tena linaangalia ule uwazi wa katikati ya jengo ambao wenyeji huuita manwar. Mchana taa inawaka. Ukutani nyuma ya kabati kumeota madoa meusi, na mtoto ana pumu. Yeye anasema nyeupe, shemeji yetu anasema sukkari kwa sababu eti nyeupe ni rangi ya hospitali na mtoto keshaziona hospitali za kutosha. Pesa iliyopo ni ya kupaka mara moja.

Jibu langu nalitoa mapema: Riyadh wapake sukkari, Jeddah wapake nyeupe. Lakini jibu bila sababu halimsaidii mtu mwenye chumba kingine, kwa hiyo tufuatane.

Kwanza tujue rangi inafanya nini ukutani. Mwanga ukigonga ukuta, sehemu inamezwa na sehemu inarudi chumbani. Nyeupe nzuri ya ndani hurudisha kama 85 katika kila 100, na sukkari ya kawaida hurudisha 70 na kitu. Ukiziangalia hizo namba unaweza kusema tofauti ni ndogo, ya nini kugombana? Tatizo ni kwamba mwanga haugongi ukuta mara moja. Unagonga huu, unaruka kwenda ule, unakwenda darini, unarudi. Chukua 100, uzidishe kwa 0.85 mara tano: zinabaki 44. Fanya hivyohivyo kwa 0.72: zinabaki 19. Bila shaka chumba halisi kina sakafu, zulia na kabati zinazomeza mwanga wao, hivyo tofauti haifiki huko, lakini mmeona mambo yanavyokwenda. Kwenye chumba chenye dirisha kubwa haisumbui, maana mwanga mwingi unafika machoni kwa safari ya kwanza au ya pili. Kwenye chumba cha manwar, mwanga umeshagonga kuta za jirani ghorofa tatu nzima, zenye vumbi na mabomba, kabla haujafika kwako. Hapo kila kiasi kinachopotea kina uzito.

Kuruka huko kunaeleza na jambo jingine linalowashangaza watu: rangi uliyoichagua kwenye kadi ikawa nyingine kabisa baada ya kupaka kuta nne. Wengi humlaumu fundi. Tuchukulie mfano wa krimu inayorudisha 80 ya mwanga mwekundu na 60 tu ya mwanga wa bluu. Kwa mgongo mmoja wa ukuta tofauti si kubwa. Kwa migongo mitatu, nyekundu inabaki 51 na bluu inabaki 22, yaani umanjano umeongezeka zaidi ya maradufu bila mtu kuongeza tone la rangi. Ndiyo maana mafundi wazoefu hukwambia uchague daraja moja hafifu kuliko ile uliyoipenda kwenye kadi. Nyeupe haina kisa hiki, au inacho kidogo sana, lakini nayo ina lake: inabeba rangi ya kila kilicho karibu. Weka zulia jekundu la Kiarabu chini, uone kuta zako nyeupe zinavyogeuka waridi kwa chini.

Sasa tuje kwenye jua, na hapa nawaomba wale waliokulia Dar, Mombasa au Kampala wasahau walichozoea. Kwetu karibu na ikweta jua la saa sita linakaa juu mwaka mzima. Dar es Salaam halishuki chini ya digrii 60 hivi hata Juni. Riyadh iko karibu digrii 25 kaskazini, na Desemba jua la adhuhuri linasimama digrii 42 tu upande wa kusini. Dirisha la kusini ambalo Juni halikuona jua kabisa, Desemba linaliingiza mpaka katikati ya chumba. Jeddah iko chini ya Tropiki ya Kansa kidogo tu, jirani na Makka, ambako jua hupita juu kabisa ya Kaaba mwishoni mwa Mei na tena katikati ya Julai, hata watu hulitumia kuhakikisha kibla. Katikati ya tarehe hizo jua la adhuhuri la Jeddah linahamia kaskazini kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia "dirisha la kaskazini halipati jua," muulize mji gani na mwezi gani.

La mashariki na magharibi ni rahisi zaidi. Chumba cha kaka zetu wa Riyadh kinaangalia magharibi, dirisha pana, na kuanzia saa tisa alasiri jua linapiga moja kwa moja ukutani nyuma ya meza. Hapo ndipo penye ugonjwa wa kile kichwa, au sehemu yake kubwa. Mtu anaangalia kompyuta, nyuma ya kompyuta kuna ukuta unaowaka, jicho linahangaika kati ya viwili kutwa nzima. Ukuta ule ukiwa mweupe wa kung'aa ni kama kuweka taa mbele ya msomaji. Sukkari isiyong'aa inapunguza makali, siyo kwa kiasi cha miujiza, lakini inapunguza. Ila jamani, kabla ya rangi, geuzeni meza. Meza ikikaa ubavu kwa dirisha, mmeshatibu nusu ya tatizo bila kutoa riyali. Na pazia la pili, lile jepesi linalopitisha mwanga, halikwepeki Riyadh.

Kuna hoja ya vumbi pia. Machi 10, 2009 Riyadh ilifunikwa na dhoruba ya vumbi mpaka mchana ukawa kama magharibi, na waliokuwepo wanaikumbuka. Zile kubwa namna hiyo hazitokei kila mwaka, lakini vumbi dogo la msimu wa machipuko linakuja, na linapita penye upenyo wa dirisha hata ukifunga. Vumbi la Najd lina rangi ya udongo hafifu. Likitulia kwenye nyeupe, ndani ya miezi ukuta unakuwa na kivuli juu ya kiyoyozi na kuzunguka swichi, unaonekana mchafu hata kama umefuta jana. Kwenye sukkari linajificha kwa sababu rangi zao ni za ukoo mmoja. Wenyeji wa zamani walilijua hilo bila kadi ya rangi. Nenda At-Turaif pale Diriyah, mtaa wa udongo ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2010, uone kuta za rangi ya ardhi, na weupe wa jasi ukiwekwa mahali pachache pa kuonwa na wageni.

Kwa hiyo Riyadh nimemaliza, kasoro neno moja kuhusu taa. Wale wawili wanaotaka nyeupe walitoa hoja kwamba sukkari inafanya chumba kionekane kina moshi. Wana haki, lakini wanaisingizia rangi kosa la taa. Kwenye boksi la taa za LED kuna namba yenye herufi K. 2700K ni mwanga wa manjano kama wa zile taa za zamani za waya, 6500K ni mweupe wenye ubluu, ule wa madukani, na 4000K uko katikati. Sukkari chini ya 2700K ni manjano juu ya manjano, hapo moshi utauona. Nyeupe chini ya 6500K ndiyo ile hospitali anayoisema shemeji. Sukkari na 4000K vinakaa pamoja vizuri, na mtu anasoma bila kusinzia. Taa ni bei ndogo kuliko rangi, kwa hiyo anza kubadilisha hiyo. Nimewaona watu waliopaka upya chumba kizima kumbe walikuwa wanagombana na balbu.

Tuhamie Jeddah, ambako kesi ni nzito zaidi.

Hapa adui ni maji. Hewa ya kiangazi ya Jeddah imebeba unyevu wa Bahari ya Shamu, na mara nyingi ikipozwa mpaka digrii 25 hivi huanza kutoa jasho. Sasa sisi tunaweka kiyoyozi digrii 18 au 20, ukuta unakuwa baridi, halafu mtu anafungua dirisha "hewa iingie." Hewa yenye maji inakutana na ukuta wa baridi, hasa ule wa nyuma ya kabati ambako hakuna upepo, na maji yanabaki pale. Fangasi haitaki zaidi ya hapo. Kwa hiyo yale madoa meusi kwa dada yetu hayakuletwa na rangi ya ukuta na hayataondolewa na rangi ya ukuta. Kupaka juu yake bila kutibu ni kutupa pesa. Baada ya wiki chache yanatokeza tena, na safari hii yana chakula kipya.

Kwanza hakikisha hakuna bomba linalovuja upande wa pili wa ukuta, maana mara nyingi manwar ndiko yanakopita mabomba ya vyoo. Kama lipo, hilo ni la mwenye nyumba, na usinunue kopo mpaka alitengeneze. Kisha sogeza kabati litoke ukutani upana wa kiganja na uliache hivyo siku zote. Osha madoa kwa jiki iliyochanganywa na maji (huku utaikuta kwa jina la Clorox), dirisha wazi, glavu mkononi, mtoto akiwa nje ya nyumba, na usiichanganye kabisa na sabuni ya choo au dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwa sababu baadhi zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Acha ukuta ukauke kweli, siyo saa moja, siku mbili tatu huku kiyoyozi kikiwaka na dirisha limefungwa. Ndipo puti, msasa, andakoti, na rangi.

Na rangi hiyo iwe nyeupe, kwa sababu mbili. Ya mwanga nimeshaieleza: chumba cha manwar kinahitaji kila kiasi kinachoweza kurudi. Ya pili ni kwamba nyeupe ni mpelelezi. Doa jeusi la ukubwa wa punje ya mchele linaonekana kwenye nyeupe siku ya kwanza, na mama mwenye mtoto wa pumu anataka kulijua siku ya kwanza. Kwenye sukkari, tena kwenye mwanga hafifu, utaligundua likishakuwa sahani. Shemeji anaweza kupewa haki yake kwa njia nyingine: pazia la rangi anayoitaka, taa ya 3000K upande wa kitanda, na ukuta mmoja mfupi apewe mtoto mwenyewe achague. Chumba cha mtoto si wodi, hilo nakubaliana naye.

Iwe rangi ya maji, si ya mafuta. Rangi nyeupe ya mafuta ina tabia ya kugeuka manjano mahali pasipopata mwanga, kwa hiyo nyuma ya kabati na pembeni utajikuta na sukkari ambayo hukuinunua. Tena harufu yake ni kali na hukaa siku nyingi. Kwenye makopo ya maji tafuta yaliyoandikwa kuwa harufu ni ndogo, na hata hivyo mtoto asilale mle siku kadhaa, mpaka harufu iishe kabisa.

Kuna aliyeuliza kama si bora kupiga chokaa kama nyumba za Mji Mkongwe. Swali zuri, na nyumba za zamani za Jeddah zinamuunga mkono. Pale Al-Balad, mtaa ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014, nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe kutoka baharini kama zetu za Unguja na Lamu, na ukienda Bayt Nassif, iliyomalizika mwaka 1881, utajihisi uko pwani ya kwetu mpaka uone zile roshani za mbao. Chokaa mbichi ni kali, fangasi haiipendi, na inaacha ukuta upumue. Lakini inataka ukuta wa lipu ya chokaa au jiwe. Fleti zetu zina saruji iliyopakwa rangi ya plastiki tabaka juu ya tabaka, na chokaa juu ya plastiki haishiki. Itakuwa unga kwenye mashuka ya mtoto. Tuiache kwenye nyumba zake.

Kabla sijaingia kwenye vipimo niondoe imani moja ambayo nimeisikia miji yote miwili, kwamba kupaka ndani nyeupe kunapoza chumba. Hapana. Jua linapiga paa na ukuta wa nje. Nje na juu, nyeupe inasaidia kweli, kwa sababu inarudisha joto kabla halijaingia. Ndani joto limeshapita kwenye saruji, na ukuta wako uwe mweupe au wa chokoleti bili ya umeme haitaona tofauti ya maana. Kitu kimoja tu: chumba chenye kuta nyeupe kinaweza kutosheka na taa moja badala ya mbili.

Vipimo. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha 2.8. Mzunguko ni mita 14, ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, zinabaki 35 na kitu. Koti mbili ni kama 71. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliosawazishwa hufunika mita 10 hivi kwa koti moja, kwa hiyo unahitaji lita 7 na ziada kidogo. Ule ndoo mkubwa wa lita 18 anaokusukumia muuzaji ni wa fleti nzima, na galoni za Saudia hazilingani zote, soma lita kwenye kopo. Dari iache nyeupe isiyong'aa hata kama kuta ni sukkari, ndiyo inayorudisha mwanga chini. Kuhusu kampuni sina upendeleo. Kuna Jazeera ya hapahapa Saudia, kuna Jotun yenye asili ya Norwei, na nyingine nyingi, na daraja la rangi ndani ya kampuni moja lina maana kuliko jina kwenye kopo. Mwambie muuzaji unataka isiyong'aa lakini inayofutika kwa kitambaa cha maji.

Na msichague dukani. Nunueni kopo dogo la kila rangi, mpake vipande vya kadibodi vya karibu mita moja, koti mbili, mviegemeze ukutani. Mviangalie saa tatu asubuhi, mviangalie saa kumi jua likiwa limeingia, mviangalie saa mbili usiku taa ikiwaka, na mvihamishe kutoka ukuta wa dirisha kwenda ukuta wa mkabala. Msipake majaribio moja kwa moja ukutani, maana rangi ya zamani pembeni itadanganya macho yenu: kitu cheupe karibu na ukuta wa manjano huonekana cha bluu. Kaka zetu wanne wafanye hivi kabla ya kupiga kura tena, na yule wa kichwa ndiye akae mezani wakati wa jaribio la saa kumi. Nadhani kura haitakuwa mbili kwa mbili.

Mwisho ni mambo ya mwenye nyumba. Ruhusa iwe ya maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, itajwe na rangi gani, kwa sababu siku ya kuondoka ndipo wengine wanadaiwa kurudisha ile ya zamani. Nyeupe husamehewa kirahisi. Sukkari huchanganywa kwa mashine kwa namba maalumu, na ukirudi mwaka kesho kutaka "sukkari ileile" kuziba tundu la msumari, muuzaji atakupa ya binamu yake na kiraka kitaonekana kutoka mlangoni. Andika namba ya mchanganyiko kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kifuniko cha swichi, hifadhi baki la rangi kwenye chupa iliyojaa mpaka juu na kufungwa vizuri, na usiiweke kule juu ya paa na mapipa ya maji. Julai moja ya Riyadh ukiipeleka huko utaikuta ni jiwe.